Ghala Limejaa, Chunguni Mna Nini? Habari ya Chayote



Mgeni ajaye Sumbawanga kutoka Tunduma wakati wa mavuno, akipita Laela na Mpui, huona mambo ya kumfurahisha macho. Huku na huku ni mashamba ya mahindi yaliyokauka, tayari kuvunwa. Maharage yameanikwa uani. Alizeti zimeinamisha vichwa. Mikokoteni ya ng'ombe yavuta magunia kwenda nyumbani. Mgeni huyo husema moyoni mwake, "Hapa njaa haijui njia." Wala hasemi uongo, maana kwa miaka mingi Rukwa imehesabiwa pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma kuwa mikoa iletayo mahindi mengi kuliko mingine katika nchi yetu.

Lakini mgeni yule yule akiingia zahanati siku ya kupima watoto, ataona jambo jingine. Mtoto mdogo hulazwa juu ya ubao wenye alama, akapimwa urefu wake tangu utosini hata nyayoni, kisha muuguzi huulinganisha urefu ule na umri wake. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016, watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani Rukwa walionekana wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko ilivyowapasa kwa umri wao. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 hesabu ilikuwa imeshuka, lakini bado ilikuwa karibu watoto 50 katika kila 100, hali kwa nchi nzima walikuwa 30. Tena Iringa na Njombe, nazo zenye mavuno mengi, hesabu yao ilizidi hata yetu.

Je, ndugu zangu, yawezekanaje ghala lijae na mtoto adumae?

Wako wasemao, "Huo ni ufupi wa ukoo tu, hata babu yake alikuwa mfupi." Sivyo. Mtoto aliyedumaa hakukosa urefu peke yake. Mara nyingi huugua upesi, na akienda shule huchelewa kufahamu, kwa sababu ubongo nao ulikosa chakula wakati ulipokuwa ukijengwa. Wakati huo ni mfupi sana: tangu mimba inapotungwa hata mtoto atimize miaka miwili. Ukipita, ni vigumu kuurudisha.

Sababu za jambo hili ni nyingi. Yako magonjwa ya kuharisha, yako maji yasiyo safi, iko kazi nzito ya mama shambani hata mtoto hanyonyeshwi inavyopasa. Lakini sababu mojawapo imo ndani ya chungu chetu wenyewe. Asubuhi ni uji wa mahindi matupu, mchana ni ugali, usiku ni ugali, na mboga ni kidogo ya kulowanisha tonge. Mahindi hutia nguvu, twayashukuru; lakini peke yake hayawezi kujenga mwili wa mtoto. Tena miezi ya kiangazi, tangu Mei hata Oktoba, mboga za majani hukauka shambani, na ndipo chungu huwa kikiwa zaidi kuliko miezi yote.

Basi mwezi huu napenda kuwaeleza habari ya mmea mmoja unaoweza kuitegemeza jamaa katika upungufu huo. Mmea huo ni chayote. Sisemi kwamba chayote itaondoa udumavu. Mtu asemaye hivyo awadanganya. Nasema kwamba ni mwenzi mwema wa maharage, karanga na dagaa, tena gharama yake ni tunda moja tu.

NI MMEA WA NAMNA GANI?

Chayote ni jamaa ya maboga, matango, matikiti na mung'unya. Shina lake hutambaa na kupanda juu kwa nyuzi za kushikilia, nalo laweza kufika urefu wa mita kumi au zaidi. Tunda lake lafanana kidogo na parachichi kwa umbo. Rangi yake ni kijani hafifu au nyeupe-nyeupe. Mengine yana miiba laini, mengine hayana. Upande wake mnene una mkunjo kama kinywa cha mzee asiye na meno. Ndani mna mbegu moja tu, bapa na laini.

Majina yake ni mengi. Watu wa visiwa vya Réunion na Mauritius husema chouchou; Wabrazili husema chuchu. Basi ukisikia mtu akitaja shushu au chuchu, usidhani ni mmea mwingine. Jina la chayote lenyewe latokana na lugha ya Kinahuatl, ya wenyeji wa Meksiko, maana asili ya mmea huu ni huko Meksiko na Guatemala.

Hapa najua wazee wengine watatikisa kichwa na kusema, "Hicho ni chakula cha kigeni, sisi wa Ufipa tuna vyakula vyetu." Wazee wangu, naomba radhi kuwakumbusha. Ulezi ni wa Afrika kweli kweli, na mung'unya kadhalika. Lakini mahindi asili yake ni Meksiko, ndugu ya chayote wa nchi moja. Maharage tuyapendayo yalitoka Amerika, na karanga, na mihogo, na maboga, na nyanya. Vyote hivyo vilikuja vikiwa wageni, nasi tukavipa kiti, na leo mtu akitunyima maharage twaona ametunyima chakula cha mababu. Chayote naye apewe kiti.

MAHALI APENDAPO

Mmea huu hupenda nchi ya juu yenye ubaridi wa kiasi na unyevu. Hustawi vema mahali palipo mita 1,000 hata 2,000 juu ya bahari. Sumbawanga ipo juu ya mita 1,700, na sehemu kubwa ya uwanda wetu, tangu Namanyere hata Matai, Kaengesa na Laela, ina hewa kama hiyo. Kuna na faida nyingine. Chayote huchanua pale mchana na usiku vinapokaribia kulingana. Huko Ulaya siku za kiangazi ni ndefu mno, mmea husubiri hata majira ya baridi yakaribie, kisha barafu huuua. Sisi tuko kadiri ya digrii 8 kusini ya ikweta, na mchana wetu hauachani sana na saa kumi na mbili mwaka mzima. Basi chayote haina sababu ya kusubiri.

Ndugu zetu wa Kirando, Kipili na Kasanga kando ya Ziwa Tanganyika, pamoja na wale wa Bonde la Ziwa Rukwa, wasikasirike. Kule chini joto ni kubwa, na chayote haitazaa sana. Wao wana samaki, bamia na kunde, wayatumie hayo.

Adui wa chayote kwetu ni ukame. Mvua zetu huanza Novemba na kwisha Aprili au Mei. Baada ya hapo ni upepo mkavu na baridi ya Juni na Julai. Asiyetaka kumwagilia asijisumbue kupanda. Lakini kumwagilia kwenyewe si kazi kubwa, kama nitakavyoeleza.

JINSI YA KUPANDA

Naanza kwa kuwasimulia kosa langu, ili ninyi msilirudie. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa matunda mawili ya chayote. Nami, kwa kujiona fundi, nililipasua la kwanza, nikatoa mbegu, nikaianika juani kama ianikwavyo mbegu ya boga, kisha nikaifukia nyuma ya jiko. Nikangoja juma la kwanza, la pili, la tatu; hakuna kitu. Mama mmoja mzee, jirani yetu, alipita akaniona nimeinama pale.

"Mwalimu, umefukia nini hapo?"

"Nimefukia mbegu ya chayote, mama."

"Uliitoa tundani?"

"Ndiyo, mama. Niliitoa nikaianika."

Akacheka, akaweka chini mzigo wake wa kuni, akasema, "Basi, mwanangu, umemtoa mtoto tumboni kabla ya siku zake. Mbegu ile hunyonya tunda lake. Panda nyumba nzima pamoja na mwenye nyumba."

Nilifukua, nikakuta imeoza. Lile tunda la pili nililitunza kama alivyonifundisha, nalo likaota. Maneno ya mama yule ni kweli tupu. Mbegu ya chayote haivumilii kukauka; huota ikiwa ingali ndani ya tunda, na chipukizi hula tunda na kunywa maji yake hata mizizi ipate nguvu ya kujitafutia.

Basi fanyeni hivi:

Kwanza, chagueni tunda lililokomaa sana, lisilo na jeraha wala doa la kuoza. Liwekeni kikapuni mahali penye ubaridi na giza kidogo. Baada ya majuma machache kinywa chake kitafunguka na chipukizi litatokea. Likifikia urefu wa kidole, tunda ni tayari. Msilimenye wala msilikate.

Pili, chimbeni shimo lenye shubiri mbili kwenda chini na shubiri mbili upana, yaani kadiri ya nusu mita. Changanyeni udongo wa juu na samadi iliyooza vema, mrudishe shimoni, mkainulie udongo kidogo juu ya uwanja ili maji ya mvua yasituame. Hapa sisi wa Ufipa tuna elimu yetu ya zamani. Kila mkulima ajua intumba: mwisho wa mvua nyasi hufunikwa kwa jembe chini ya udongo, zikawa vilima viduara, nyasi huoza ndani, udongo hunona, na maharage hupandwa juu, mvua nyingine zikija, vilima hutandazwa na kupandwa ulezi au mahindi. Kilima kimoja cha intumba kilichoozesha nyasi zake ni kitanda kizuri cha chayote. Hakuna haja ya kununua mbolea.

Tatu, mvua za Novemba zikiisha kushika, lilazeni tunda ubavu, chipukizi likielekea juu, mlifukie theluthi mbili, na theluthi moja ibaki wazi. Likifukiwa lote laweza kuoza. Mkipanda mashina mawili, yaachane mita tatu. Kwa jamaa moja mawili yatosha. La pili ni la akiba, fuko au mbuzi wakiharibu la kwanza.

Nne, jengeni kichanja cha miti imara, kirefu kupita kidogo kichwa cha mtu mzima. Msidharau neno hili la uimara, kwa maana mmea ukishiba huwa mzito, na kichanja cha matete huanguka pamoja na matunda yote. Wengine huuacha upande juu ya mwembe au mparachichi. Lakini huko matunda hayafikiki, na mti wenyewe hunyimwa jua. Juu ya kichanja majani hukaa juani, matunda huning'inia chini kivulini, na hata mtoto aweza kuyachuma.

Tano, tandazeni nyasi kavu kuzunguka shina, unene wa shubiri moja, ili unyevu usipotee. Kiangazi kikifika, maji mliyooshea mboga na nafaka yasimwagwe njiani, yamwagwe hapo. Ndiyo sababu nasema pandeni nyuma ya jiko: mkono wa mama hufika hapo kila siku, na maji ya kazi moja hufanya kazi ya pili. Maji yenye sabuni nyingi msiyatumie.

Sita, ulinzi. Mbuzi hupenda majani yake kama sisi tupendavyo, basi wekeni ua. Na maua yakichanua msinyunyize dawa ya wadudu. Mmea huu una maua ya kiume na ya kike katika shina moja, nayo huhitaji nyuki wa kupeleka unga wa ua. Mwenye kuua nyuki ameua matunda yake.

KUVUNA

Mmea ukitunzwa, huanza kuzaa baada ya miezi mitatu hata mitano. Aliyepanda Novemba atazame kichanja chake tangu Machi. Toka ua la kike lipate unga wake hata tunda liwe la kupikwa ni kadiri ya mwezi mmoja. Yachumeni matunda yangali laini, kabla mkunjo haujaanza kufunguka. Hayo ndiyo matamu. Katika nchi zinazoufaa, shina moja hutoa matunda zaidi ya mia kwa mwaka. Kwetu, kwa sababu ya kiangazi, hesabu hufuata maji: mwenye kumwagilia huvuna, asiyemwagilia huona majani yakinyauka. Baridi ya Julai nayo huupunguza mwendo wake, lakini msikate tamaa na kuung'oa, maana shina hudumu miaka kadhaa na huchipuka tena kutoka mizizini.

Tunda silo peke yake liliwalo. Ncha changa za shina pamoja na majani yake mororo ni mboga. Huko Réunion watu huzila sana, na tena huyachana mashina yake na kusuka kofia kwa nyuzi zake. Mizizi nayo, mmea ukiisha kukaa zaidi ya mwaka, huvimba kama viazi. Watu wa Meksiko na Guatemala huichimba na kuichemsha. Mkitaka kuionja chimbeni pembeni kidogo, msimalize yote, msije mkaua shina.

YAMLETEA NINI MLAJI?

Hapa yapasa tuseme kweli bila kutia chumvi. Katika gramu 100 za tunda bichi la chayote, gramu 94 hivi ni maji. Nguvu yake ni kalori 19 tu, hali gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori zaidi ya 350. Kwa hiyo chayote haishibishi, wala haiwezi kushika mahali pa nafaka. Mtoto aliyelishwa chayote tupu atakonda.

Lakini ndani ya tunda hilo mna vitu vingine. Mna vitamini C kadiri ya miligramu 8, nayo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika maharage. Mna ufumwele wa kurahisisha choo. Mna potasiamu, na chumvi yake ya asili ni kidogo mno. Zaidi ya yote mna foleti, mikrogramu 93. Foleti ni vitamini ambayo mwanamke huihitaji tangu kabla ya kuchukua mimba, kwa sababu uti wa mgongo na ubongo wa mtoto hufanyika katika majuma ya kwanza, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ni mjamzito. Lakini maharage yana foleti nyingi kuliko chayote, na vidonge vitolewavyo kliniki visiachwe kwa sababu ya mboga yo yote.

Majani yake ya kijani yana vitamini A zaidi kuliko tunda, nayo yasaidia macho na kuulinda mwili. Vitamini hiyo huingia mwilini vema chakula kikiwa na mafuta kidogo. Basi majani na karanga ni ndoa njema.

Kwa wazee walioambiwa wana kisukari au shinikizo la damu, chayote ni mboga ifaayo, maana wanga wake ni kidogo. Ila si dawa. Mtu asiache vidonge alivyopewa hospitali akidhani tunda litamponya. Na mwenye ugonjwa wa figo, aliyekatazwa vyakula vyenye potasiamu, amwulize mganga wake kwanza.

JINSI YA KUPIKA

Neno la kwanza kwa akina mama na mabinti: tunda likimenywa hutoa utomvu unaonata, nao huwasha mikono ya watu wengine au kuikaza ngozi. Limenyeni ndani ya bakuli la maji, au pakeni mikono mafuta kidogo. Likiwa changa sana, ganda lake laliwa. Mbegu msiitupe, ni laini, na ikipikwa ina ladha kama ya karanga.

Neno la pili: chayote haina ladha kali. Mtu akiichemsha peke yake bila kitu husema, "Haya ni maji tu," akaiacha. Hajakosea. Chayote huchukua ladha ya mwenzake chunguni. Mpeni mwenzi mwema.

Chayote na maharage. Loweka maharage vikombe viwili usiku kucha, mwaga maji yale, uyachemshe hata yaive. Kaanga kitunguu na nyanya katika mafuta ya alizeti kidogo. Tia chayote tatu zilizokatwa vipande vya kadiri ya kidole gumba, zigeuze, kisha mimina maharage pamoja na mchuzi wake. Funika, acha ichemke dakika 15 hata 20. Tia chumvi kidogo mwishoni. Magadi msitie, kwa sababu huharibu baadhi ya vitamini.

Chayote na karanga. Chemsha vipande kwa maji machache, vilainike bila kupondeka. Koroga kikombe kimoja cha karanga zilizotwangwa kwa maji ya uvuguvugu, mimina chunguni, koroga polepole juu ya moto mdogo hata uzito wake uwe kama uji. Maji ya kuchemshia msiyamwage, maana vitamini nyingine zimeingia humo.

Chayote na dagaa. Osha dagaa wa Ziwa Tanganyika kwa maji ya moto mara mbili kuondoa mchanga. Wakaange na kitunguu, tia nyanya, kisha chayote zilizokatwa nyembamba. Dakika 15 zatosha. Huu ni mboga ya kuijenga mifupa, kwa sababu dagaa huliwa pamoja na miiba yake.

Majani. Chuma ncha changa, toa nyuzi ngumu kama utoavyo katika majani ya maboga, katakata, pika upesi kwa nyanya na karanga. Yakipikwa saa nzima hupoteza faida.

Chakula cha mtoto mdogo. Kabla ya miezi sita mtoto asipewe kitu ila maziwa ya mama. Akitimiza miezi sita, chukua maharage yaliyoiva sana na kutolewa maganda, vipande vya chayote vilivyochemshwa, na kijiko cha karanga zilizosagwa laini. Ponda vyote pamoja, au uvichanganye katika uji mzito wa ulezi. Pasiwe na punje nzima ya kumpalia. Mpe kidogo kidogo mara mbili au tatu kwa siku, huku akiendelea kunyonya. Na kama kuna yai, lisiuzwe lote sokoni. Moja liwe la mtoto.

NENO KWA AKINA BABA NA WAALIMU

Akina baba, msiache habari hii kuwa ya jikoni tu. Ni ninyi mnaoamua magunia mangapi yauzwe na fedha iende wapi. Gunia likiuzwa, sehemu ya fedha iende katika dagaa, mayai na mafuta, na mkono wenu ukate miti ya kichanja. Mama aliyetoka shambani jioni na mtoto mgongoni, akakuta hana maji, hana kuni na hana mboga, atapika nini ila ugali? Saidieni mzigo huo, na chungu kitabadilika chenyewe.

Waalimu, ninyi mna ufunguo. Pandeni mashina mawili katika shamba la shule, wanafunzi wajenge kichanja, wapime kwa kamba jinsi ncha iendavyo kila juma na kuandika hesabu darasani. Hilo ni somo zuri la hesabu na la maumbile. Matunda yakikomaa, kila mtoto achukue moja la kupanda nyumbani. Kwa njia hiyo kijiji kizima chaweza kupata mbegu katika msimu mmoja au miwili bila mtu kutoa senti.

Wahenga walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Sisi tumezoea kulitumia neno hili kwa tabia na adabu. Sasa tulitumie kwa mifupa yake pia.

Basi, wasomaji wapendwa, mkipata tunda la chayote sokoni au kwa jirani, msile yote. Tengeni moja lililokomaa, mliweke kikapuni kabla ya mvua za Novemba, mwangoje kinywa chake kifunguke. Na wakati mnapongoja, mpelekeni mtoto zahanati akapimwe urefu, mkaandike hesabu ile mahali msipoisahau. Kiangazi kijacho, mkichuma matunda ya kwanza chini ya kichanja chenu, mpelekeni tena.